Baba mdogo, shamba la Nebraska tuliache

Baba mdogo, shikamoo.

Ule ujumbe wako wa sauti wa dakika sita nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeegesha lori kando ya barabara namba 20, jimbo la Nebraska, Marekani. Najibu hadharani kwa sababu najua hauko peke yako, ukoo mzima unawaza hivyo hivyo. Unasema kama huku kuna ardhi tupu kiasi kile cha kwenye picha nilizowatumia, niulize bei, tuachane na ugomvi wa kihamba, shamba letu la ukoo.

Ardhi ipo. Picha zile nilizipiga Cherry, kaunti moja ya kaskazini mwa Nebraska (kaunti ichukulie kama wilaya). Jina si la tunda, ni la ofisa wa jeshi aliyeuawa mwaka 1881. Ukubwa wake unapita kilomita za mraba 15,000. Mkoa wetu mzima wa Kilimanjaro, mlima ukiwemo, unaingia humo na nafasi inabaki. Sasa linganisha watu. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu Kilimanjaro watu 1,861,934. Yao ya 2020 ilihesabu Cherry watu 5,455. Karibu nusu yao wanaishi Valentine, kamji ka makao makuu ambako kila Februari watu hutuma barua za mapenzi zikapigwe muhuri wa posta wenye jina hilo. Wazungu nao wana mambo yao.

Kaunti ni pana hadi saa zinagawanyika ndani yake. Niliondoka Valentine saa nne kamili asubuhi, nikaendesha kama dakika arobaini kuelekea magharibi hadi kijiji cha Cody, simu ikaniambia ni saa tatu na dakika arobaini. Nimefika kabla sijaondoka! Njiani nilipishana na magari machache sana, na kila dereva aliniinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani kunisalimu.

Ukiiona kwa mbali, utasema ni malisho ya neema. Nilishuka nikachimbua nyasi kwa kisigino, nikakuta mchanga mtupu, mlaini kama wa ufukweni Pangani. Vile vilima vyote ni matuta yaliyolundikwa na upepo zamani, na kinachoyashikilia ni mizizi ya nyasi basi. Ukilima, nyasi zikakatika, upepo unachimba shimo, na shimo linazidi kupanuka. Cha ajabu ni kwamba maji wanayo. Chini ya mchanga kuna hazina kubwa ya maji iitwayo Ogallala, na mabondeni yanachungulia kama viziwa. Vinu vya upepo vinayapandisha kwenye matangi ya chuma, ng'ombe wanakunywa. Ndiyo maana huko ni ng'ombe tu, na kwa ng'ombe wa nyama kaunti hii imekuwa ikiongoza Marekani nzima. Migomba yako isingemaliza msimu, na baridi yao hujaionja.

Wazo lako, baba mdogo, si geni. Walakota, wenyeji wa asili wa huko, walipokwisha kusukumwa kaskazini, serikali ilianza kugawa ardhi, ekari 160 kwa familia. Kwenye mchanga ule hazikutosha kitu. Mwaka 1904 ikapitishwa sheria ya Kinkaid: ekari 640 kwa mtu, bure, mradi ukae miaka mitano na uiendeleze. Watu wakamiminika. Sensa ya 1920 ilikuta zaidi ya 11,000, mara mbili ya leo. Kumbe hata hizo 640 ni chache, kwani ng'ombe mmoja na ndama wake huhitaji zaidi ya ekari kumi. Mmoja baada ya mwingine wakawauzia majirani, wakaondoka, na ranchi zilizobaki zikazidi kunenepa.

Kati ya waliokuja walikuwepo watu weusi. Kuanzia mwaka 1907 hivi walijenga makazi yao, DeWitty, kando ya mto North Loup, humo humo Cherry. Walikuwa na kanisa, shule, hata timu ya besiboli. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 hakubaki mtu. Hao walikuwa na ardhi mara mia kadhaa ya ile tunayogombania sisi na kina baba mkubwa, ambako masale, ile mimea ya mpakani, yakisogea hatua mbili usiku tunaitana kwa mjumbe.

Bei nimeuliza hata hivyo, maana uliniagiza. Mzee mmoja kwenye kituo cha mafuta, kofia imemfunika hadi nyusi, alitaka kujua nahitaji kiasi gani. Nikamwambia ekari tatu. Alinitazama, akatazama lori langu, akauliza kama nataka kulilaza hapo.

Na kwenye ile picha ya mwisho, yule uliyeuliza ni nani amesimama peke yake kule kilimani, si mtu. Ni kinu cha upepo.