Funguo za programu zetu: taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu, Lubumbashi

Jambo yenu wote, ba mama na ba papa, ba yaya na wadogo.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na mafunzo ya mwaka yamo katika taarifa ya katibu, kwa hiyo sitayarudia. Nafasi yangu yote naitumia kwa jambo ambalo mkutano huu utalipigia kura: kanuni za kuongoza programu zetu tatu, yaani ile ya stoki ya dawa, ile ya karo za shule na ile ya hesabu za likelemba, mchango wa zamu.

Zote tatu ni za chanzo huria. Msimbo wake, yaani maandishi yanayounda programu, uko wazi, na yeyote anaweza kuuchukua, kuurekebisha na kuutumia. Ruhusa hiyo inatolewa na leseni. Lakini leseni haisemi nani anakubali mabadiliko, nani anatoa toleo jipya, nani analipia jina la tovuti, wala itakuwaje mwenye madaraka hayo akihamia Kolwezi au akichoka. Katiba yetu kama chama kisicho cha faida, chini ya sheria namba 004/2001 ya 20 Julai 2001, inajua mkutano mkuu, komite na ada. Kuhusu msimbo haina neno hata moja. Ni pengo ambalo watu hulitambua siku ya ugomvi, na siku hiyo hakuna anayekubali kanuni iliyopendekezwa na mwenzake.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote ni mtunzaji, yaani mtu anayekubali mabadiliko na kutoa matoleo, aliye peke yake na aliyechoka. Programu ya xz, inayobana mafaili, imo ndani ya karibu kila mfumo wa Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea. Kuanzia 2021 akaunti iliyojiita Jia Tan ilikuwa ikileta marekebisho mazuri. Mwaka 2022 akaunti nyingine zisizojulikana zikamshinikiza mtunzaji: kazi inakwenda polepole, ongeza mtu. Akamwongeza Jia Tan. Februari na Machi 2024 yakatoka matoleo 5.6.0 na 5.6.1, yakiwa na mlango wa siri wa kuingilia seva kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa programu ya hifadhidata PostgreSQL, aliyeona kuingia kwenye mashine kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Alitangaza tarehe 29 Machi 2024, kabla matoleo hayo hayajaenea.

Angalieni hila yenyewe ilipitia wapi. Sehemu moja ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, na amri ya kuiamsha iliwekwa tu kwenye kifurushi cha toleo, kile kinachopakuliwa, si kwenye ghala la msimbo ambalo kila mtu analisoma. Aliyekagua ghala peke yake asingeiona. Kwa hiyo kusema "msimbo uko wazi, wengi wanaangalia" hakutoshi. Lazima iandikwe nani anaangalia, anaangalia nini, na lini.

Pendekezo la komite ni hili. Kila toleo litatengenezwa na watu wawili, kila mmoja kwenye kompyuta yake, kutoka ghala moja na lebo moja ya toleo. Kila mmoja atakokotoa alama ya SHA-256 ya kifurushi chake, yaani namba ndefu inayobadilika faili likibadilika hata kidogo. Alama zikiwa sawa, toleo linatangazwa pamoja na alama hiyo. Zikitofautiana, toleo linasimama hadi sababu ijulikane. Mara nyingi sababu haitakuwa uovu: saa ya kompyuta imeingia ndani ya kifurushi, mafaili yamepangwa kwa mfuatano tofauti, au mmoja anatumia toleo jingine la kompaila, zana inayogeuza msimbo kuwa programu. Ndiyo maana rasimu inataka tarehe za mafaili zifungwe kwenye tarehe ya badiliko la mwisho, na matoleo ya zana zote yaandikwe katika faili moja ndani ya ghala. Bila hayo mawili, mara nyingi alama hazitalingana, na baada ya mara tatu watu wataacha kulinganisha.

Kuhusu kupokea watunzaji wapya, haki zitatolewa kwa ngazi: kwanza kukagua kazi ya wengine, halafu kuingiza msimbo, na mwisho kabisa kutoa toleo. Kati ya ngazi na ngazi isipungue miezi sita, na anayependekezwa awe anafahamika uso kwa uso na wanachama wawili. Wengine wataona ni ukali kwa mgeni anayetuandikia kutoka mbali. Mgeni huyo ataendelea kuleta marekebisho na jina lake litaandikwa kwenye kila badiliko. Asichopewa ni ufunguo. Mwaka 2018 mtunzaji wa event-stream, kipande cha msimbo kinachotumiwa ndani ya programu nyingine nyingi, alimkabidhi programu mtu asiyemjua aliyejitolea kusaidia, na haikupita muda ndani yake ukaingizwa msimbo wa kuiba fedha kutoka pochi za bitcoin za Copay.

Kutoka nako kuwe rahisi. Mtunzaji akiandika "napumzika", haulizwi kwa nini. Haki zake zinaondolewa ndani ya siku saba, jina lake linabaki kwenye orodha ya waliojenga, na akirudi ndani ya mwaka mmoja anarudishiwa bila kura. Akinyamaza siku 90, komite inamuuliza. Akinyamaza 30 zaidi, haki zinaondolewa. Mtu anayejua kwamba anaweza kupumzika bila aibu hatamkabidhi mgeni funguo kwa sababu ya uchovu.

Sasa funguo zenyewe. Kuna akaunti ya ghala la msimbo, akaunti ya kupandisha vifurushi, ufunguo wa kutia sahihi, seva, jina la tovuti, barua pepe, na laini ya kupokelea michango. Kila kimoja kati ya hivyo kitaandikwa kwenye daftari: kinalipiwa lini, kwa njia gani, na watu wawili gani wanakishika, wasiwe wa nyumba moja wala ofisi moja. Kila miezi mitatu kila mshika ufunguo ataingia mbele ya mwenzake na kutia sahihi daftarini, kwa sababu ufunguo ambao haujajaribiwa mwaka mzima hauna uhakika.

Jihadharini sana na SMS. Akaunti nyingi hutuma namba ya uthibitisho kwenye simu. Laini isipotumika muda mrefu kampuni huifunga, na baadaye namba inaweza kupewa mtu mwingine kabisa. Simu zinaibiwa pia. Kwa hiyo rasimu inakataza uthibitisho wa SMS kwa akaunti za chama; tutatumia programu ya kutoa namba za uthibitisho bila SMS, na namba za dharura zitachapishwa kwenye karatasi, ziwekwe katika bahasha mbili zilizofungwa, mahali pawili tofauti mjini.

Jina la tovuti linapotea kwa njia moja karibu kila mahali: kadi ya benki iliyolipia imeisha muda, na maonyo yanakwenda kwenye barua pepe ya mtu asiyeisoma tena. Jina la .org likishafutwa na wakala aliyeliandikisha, kuna siku 30 za kulikomboa kwa bei ya juu, kisha siku tano, halafu yeyote duniani analinunua. Linaweza kulipiwa hadi miaka kumi mbele. Komite inaomba mlipie mitano, na maonyo yaende kwenye anwani ya chama inayosomwa na watu watatu.

Kwenye maamuzi tumeazima mengi kutoka Apache Software Foundation, shirika la programu huria lililoanzishwa 1999. Badiliko la kawaida halihitaji mkutano: linatangazwa, asipopinga mtu linaingia. Kwa msimbo, mtunzaji anaweza kuweka -1 (kura ya hapana) na kulizuia, lakini lazima atoe sababu ya kiufundi. -1 bila sababu haina nguvu. Toleo halizuiwi na mtu mmoja. Linahitaji +1 (kura za ndiyo) tatu, na +1 ziwe nyingi kuliko -1. Kura inabaki wazi saa 72 angalau. Naomba saa hizo msizifupishe hata kama kazi inabana, maana katika mji ambao umeme unaweza kukatika Katuba siku nzima huku Golf wanao, kura ya jioni moja inawapa ushindi wenye jenereta.

Baraza la ufundi litakuwa na watu watano. Python, lugha ya kuandikia programu, ilifika huko baada ya mwanzilishi wake Guido van Rossum kuachia madaraka Julai 2018, kufuatia mabishano makali juu ya pendekezo namba 572 la kuibadilisha lugha hiyo. Wenzake hawakukimbilia kumtafuta mrithi. Walijadili kwanza mifumo ya uongozi, wakaipigia kura Desemba 2018, kisha mwanzoni mwa 2019 wakachagua baraza la watano. Kanuni yao inasema wasizidi wawili kutoka kwa mwajiri mmoja. Sisi tunaichukua kama ilivyo, na kwetu itahusu makampuni ya madini, benki na chuo kikuu kwa usawa. Kutoka Debian, mradi wa mfumo wa Linux wenye katiba tangu 1998 na unaochagua kiongozi kila mwaka, tumechukua karatasi ya kura yenye nafasi ya "hakuna kati ya hawa". Ikishinda nafasi hiyo, uchaguzi unarudiwa.

Jina la programu nalo ni mali. Septemba 2010 waliokuwa wakijenga OpenOffice.org, programu za kazi za ofisi, walijitenga na kampuni ya Oracle na kuanzisha The Document Foundation. Msimbo walikwenda nao, kwa kuwa leseni iliruhusu. Jina lilibaki kwa Oracle, wakalazimika kuanza upya na LibreOffice. Komite inapendekeza majina yetu matatu yaandikishwe kwa jina la chama, si la mtu.

Hakimiliki itakuwa kinyume chake: kila mchangiaji abaki na yake. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliihamisha programu yake Terraform kutoka leseni huria kwenda leseni yenye masharti ya biashara. Iliweza kufanya hivyo bila kumuuliza kila mchangiaji, kwa kuwa haki zilikuwa zimekusanywa mkononi mwa kampuni. Waliopinga walichukua msimbo wa zamani wakajenga OpenTofu. Tutafuata njia ya Linux tangu 2004: mchangiaji anaongeza mstari mmoja wa sahihi kwenye badiliko lake, akithibitisha kuwa ana haki ya kulitoa. Hapo hakuna komite, hata yetu, itakayobadilisha leseni bila kuwauliza wote.

Juu ya fedha, neno moja. Kabla ya Heartbleed, kasoro kubwa ya usalama katika OpenSSL, kufichuliwa Aprili 2014, programu hiyo, inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa ikipata michango ya karibu dola 2,000 kwa mwaka. Kila anayetumia programu yetu ya stoki ya dawa na ana uwezo wa kulipia jenereta, ana uwezo wa kuchangia. Michango itatangazwa kila robo mwaka, kwa faranga na kwa dola, na hakuna mchango utakaomnunulia mtu kiti kwenye baraza.

Rasimu nzima iko kwa katibu, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Tutapiga kura mara tatu: funguo na matoleo kwanza, kisha baraza na upigaji kura, mwisho majina na hakimiliki. Sehemu ya kwanza ikipita, wote wanaoshika funguo leo wabaki ukumbini na simu na kompyuta zao. Makabidhiano yatafanyika saa ile ile, akaunti moja baada ya nyingine, na daftari litatiwa sahihi kabla ya chakula.