Barua ya wazi kwa Spika wa Bunge: Tunaomba daftari la wabunge wa Zanzibar tangu 1964

Mheshimiwa Spika,

Assalaam aleykum, na baada ya salamu.

Mimi ni mwalimu wa Historia na Uraia katika skuli ya sekondari kisiwani Pemba. Nina ombi moja, na nalitaja mwanzo kabisa. Naomba Ofisi ya Bunge itoe daftari lililo wazi kwa kila mwananchi, lenye jina la kila mtu aliyeketi Bungeni kwa upande wa Zanzibar tangu Aprili 1964, njia aliyoingilia, na muda aliokaa.

Nalitaka kwa sababu mabishano yetu kuhusu Muungano, iwe barazani kwenye kahawa au kwenye makundi ya simu, hayachukui muda kufika kwenye hesabu ya viti. Wa Bara husema Zanzibar imependelewa, wa Visiwani husema tumemezwa, na wote wawili hutaja idadi ya leo tu. Ni wachache wanaoeleza tumefikaje hapa, na vijana wangu darasani ndio wanaorithi ubishi huo bila ushahidi mkononi.

Hati za Muungano zilitiwa saini tarehe 22 Aprili 1964 na Mwalimu Julius Nyerere na Mzee Abeid Amani Karume. Ni hati fupi, lakini ndani yake limetajwa kwa jina lake suala la Zanzibar kuwakilishwa katika Bunge la Jamhuri ya Muungano. Mwaka uliofuata Katiba ya Muda ikaweka utaratibu: wajumbe wa Baraza la Mapinduzi wasiozidi 32, na Wazanzibari wengine wasiozidi 20 wa kuteuliwa na Rais. Septemba 1965 wananchi wa Bara walikwenda vituoni kuchagua wabunge katika majimbo 107. Sisi huku tulipiga kura ya Rais wa Muungano. Kura ya mbunge hatukuwa nayo.

Naomba hapa tusimame kidogo, Mheshimiwa. Visiwa hivi havikuwa vigeni wa sanduku la kura. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwapo tangu 1926, uchaguzi wake wa kwanza ulikuwa 1957, na Julai 1963 watu walichagua wajumbe wa majimbo 31. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na madaraka ya kutunga sheria yakahamia Baraza la Mapinduzi. Kwa hiyo yule aliyepanga foleni mwaka 1963 akiwa kijana alikuja kuwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa kabla hajamchagua tena mtu wa kumsemea katika chombo cha kutunga sheria.

Sisemi haya kuwabeza walioteuliwa. Walikuwamo watu wazito, akina Abdulrahman Babu na Kassim Hanga, waliokwisha kujulikana kabla ya Muungano wenyewe. Lakini katika miaka hiyohiyo ndipo Mambo ya Muungano, yaani yale yanayosimamiwa na Serikali ya Muungano kwa pande zote mbili, yalipoanza kuongezeka. Mwaka 1964 yalikuwa 11, leo ni 22. Sarafu na mabenki yaliingizwa mwaka 1965, mafuta na gesi asilia mwaka 1968. Haya ndiyo mambo ambayo mpaka leo yanatufanya tusielewane. Mwanafunzi akiniuliza, "Mwalimu, siku ile mafuta yanaingizwa, nani walikuwa wamekaa kwa upande wetu?", anastahili kufunguliwa daftari na kuonyeshwa majina, moja baada ya jingine. Hata aliyeunga mkono nyongeza ile ana haki ya kujulikana kwamba aliiunga mkono.

Baraza la Wawakilishi, chombo cha Zanzibar yenyewe cha kutunga sheria, lilizaliwa mwaka 1980, na baada ya marekebisho makubwa ya katiba ya 1984, uchaguzi wa 1985 uliikuta Zanzibar ikiwa na majimbo 50 ya Bunge, Bara ikiwa na 119. Hizo 50 hazijasogea. Mwaka 1995 Bara ilikuwa na majimbo 182, mwaka 2010 ikawa na 189, mwaka 2015 ikafika 214, na katika uchaguzi wa 2025 ikawa na 222. Juu ya hao 50 wapo watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi miongoni mwa wajumbe wake, na Wazanzibari wanaoingia kwa viti maalumu vya wanawake au kwa uteuzi wa Rais.

Ndugu zetu wa Bara wana hoja, na mimi siifichi ninapofundisha. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na Tanzania nzima 61,741,120. Ukigawa kwa majimbo, mbunge mmoja wa huku anawakilisha karibu watu 38,000, na mwenzake wa Bara karibu 270,000. Tena mbunge wa Pemba anapiga kura juu ya hospitali za Mwanza na barabara za Songea, mambo ambayo si ya Muungano, ilhali mbunge wa Mwanza hana kauli juu ya hospitali ya Wete. Mtu akiliona hilo ni dhulma, simlaumu.

Ila naamini hajaambiwa upande wa pili. Viti vile havikuwekwa kwa kuhesabu vichwa. Viliwekwa kwa sababu nchi mbili ziliungana, na iliyo ndogo ilihitaji uzito wa kutosha ili isizamishwe kila kura inapopigwa. Ndiyo maana idadi ya wabunge kutoka Zanzibar imeandikwa katika Orodha ya Pili ya Nyongeza ya Pili ya Katiba, pamoja na mambo kama kuwapo kwa Jamhuri yenyewe na madaraka ya Serikali ya Zanzibar. Kwa ibara ya 98, huwezi kugusa jambo lolote la orodha hiyo mpaka theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar wakubali, kila upande ukihesabiwa peke yake.

Hapo ndipo daftari ninaloliomba linapokuwa jambo la sheria, si la walimu wa historia peke yao. Ukihesabu kila upande mbali, lazima ujue nani ni wa upande upi. Kwa wale 50 wa majimbo na watano wa Baraza hakuna shaka. Wa viti maalumu na wa kuteuliwa je? Hao nao kila mmoja anatakiwa awe na upande wake ulioandikwa mapema, kabla ya kura, mahali ambapo raia anaweza kupasoma. Oktoba 2014, Bunge Maalumu la Katiba lilipopigia kura Katiba Inayopendekezwa, nchi nzima ilikuwa inasubiri hesabu ya upande wa Zanzibar, kura kwa kura. Siku nyingine kama ile itakuja. Ikija, majina yawe yamekwisha kuwekwa wazi.

Kuna kipindi kimoja ambacho nakuomba kisipitwe haraka katika daftari hilo. Baada ya uchaguzi wa 2000, wabunge na wawakilishi wa CUF, chama cha upinzani, kutoka huku walisusia vikao. Yakaja maandamano ya Januari 2001, roho za watu zikapotea. Muafaka, yaani makubaliano ya CCM na CUF, ulitiwa saini Oktoba 2001, lakini kwa ibara ya 71 ya Katiba mbunge anayekosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika hupoteza kiti, na viti vikapotea. Uchaguzi mdogo wa kuvijaza Pemba ulifanyika Mei 2003. Katika muda wote huo walikuwapo watu waliolipa kodi, watoto wao walifanya mitihani ya Baraza la Mitihani, ambalo ni jambo la Muungano, na sheria zilizowahusu zilipitishwa Dodoma, na jimbo lao halikuwa na mtu ukumbini. Yeyote mwenye makosa katika ususiaji ule, na kila upande una maelezo yake, kiti kitupu nacho ni sehemu ya historia ya uwakilishi. Basi kiandikwe: jimbo fulani, tangu tarehe fulani hadi tarehe fulani, halikuwa na mbunge.

Mambo mengine ni madogo lakini yanawachanganya watu. Majimbo ya Bunge yanagawiwa na Tume ya Taifa ya Uchaguzi, ambayo sasa inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ya Baraza la Wawakilishi yanagawiwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar. Mara nyingi yanalingana. Mwaka 2015 hayakulingana, ya Baraza yalikuwa 54 na ya Bunge 50. Daftari likiweka ramani ya kila uchaguzi, suala hilo litaeleweka kwa dakika chache.

Na zipo habari za kutia moyo zinazostahili kuonekana katika mstari mmoja. Rais Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000, mwaka 2010 akachaguliwa kuwa mbunge wa Makunduchi, na mwaka 2014 akawa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu. Dkt. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba, alikuwa Waziri Mkuu kutoka 1984 hadi 1985. Mtoto wa kike wa Kojani au Micheweni akiona njia hizo zimeandikwa hatua kwa hatua, na karani wa Bunge ndiye shahidi wake, atajua ni njia zinazopitika.

Kazi hii haihitaji sheria mpya wala tume. Zipo Taarifa Rasmi za Bunge, zipo nakala za Gazeti la Serikali zenye matangazo ya uteuzi na matokeo ya uchaguzi, ipo Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu Zanzibar, na ipo ofisi ya Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, ambayo naamini itashirikiana. Wapo pia wazee waliokaa katika Ukumbi wa Karimjee, Bunge lilipokuwa bado linakutana Dar es Salaam. Hao waulizwe sasa, wakiwa hai.

Likikamilika, naomba liwekwe katika tovuti ya Bunge kwa Kiswahili, na nakala iliyochapwa ipelekwe katika kila skuli ya sekondari ya Unguja na Pemba. Shule za Bara nazo zipelekewe, kwa sababu ni Bunge lao pia, na mwanafunzi wa Tabora ana haki ileile ya kujua viti 50 vilitoka wapi. Tukilipata kabla ya muhula ujao wa masomo, nitaanza nalo kufundisha mada ya Muungano Kidato cha Pili.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia na Uraia,
Pemba