Barua kwa mpwa wangu aliye Norfolk, Marekani: vita vile vilikuwa vya nini

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Mama yako hajambo, mguu umeanza kupoa, na jana alishuka mwenyewe mpaka sokoni. Nimeona nikujibu hapa hadharani swali ulilonipigia simu juma lililopita, kwa sababu wapo vijana wetu wengine huko ughaibuni wanaoulizwa na kuambiwa hayo hayo, wakakosa la kusema.

Ulisema mwenzako wa kazini, mtu mwema kwako, alikueleza kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani havikuwa vya utumwa. Vilikuwa vya haki za majimbo, na vya ushuru, na watu wa Kusini walikuwa wakilinda makwao tu. Ukaniuliza, "Mjomba, wewe umesomesha historia miaka yote hiyo, kweli ipi?"

Nianzie kwa wenyewe waliojitenga, maana hawakuficha. Abraham Lincoln alichaguliwa Novemba 1860. Hakuahidi kuwaacha watumwa huru. Aliahidi kwamba utumwa hautaruhusiwa kuenea katika maeneo mapya ya magharibi. Hilo peke yake liliwatosha. Tarehe 20 Desemba South Carolina ikatangaza kujitoa katika Muungano wa majimbo ya Marekani, na kabla Lincoln hajaapishwa Machi 1861, majimbo saba yalikuwa yameshatoka. Mississippi ilipoandika sababu zake, ilisema mwanzoni kabisa kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa, na kwamba utumwa ndiyo maslahi makubwa ya mali kuliko yote duniani. South Carolina ililalamika kwamba majimbo ya Kaskazini hayawarudishi watumwa watoro. Na Alexander Stephens, makamu wa rais wa Shirikisho lao, yaani serikali waliyoiunda majimbo yaliyojitoa, alisimama Savannah mwezi huo wa Machi akasema serikali yao mpya imejengwa juu ya jiwe la msingi moja: kwamba mtu mweusi si sawa na mweupe, na utumwa ndiyo hali yake ya asili. Na katiba yao ilipiga marufuku sheria yoyote itakayogusa haki ya kummiliki mtumwa mweusi.

Sasa mtu akikwambia "haki za majimbo", muulize kwa adabu: haki ya kufanya nini? Maana mwaka 1850 ni hao hao wa Kusini waliolisukuma Bunge lipitishe sheria ya kuwakamata watoro, sheria iliyomlazimisha mtu wa Massachusetts amkamate mtoro aliyejificha mlangoni kwake na kumrudisha, hata kama jimbo lake halitaki. Haki ya jimbo la Massachusetts wakati huo haikuwa na mtetezi Kusini.

Watakwambia pia kwamba askari wengi wa Kusini hawakuwa na mtumwa hata mmoja. Ni kweli kwa mtu mmoja mmoja. Lakini hesabu familia: South Carolina na Mississippi karibu nusu ya familia za weupe zilikuwa na watumwa. Na Oktoba 1862 Shirikisho likapitisha sheria iliyomwachia mweupe mmoja abaki nyumbani, asiende vitani, katika shamba lenye watumwa 20 au zaidi. Maskini wa Kusini wenyewe walinung'unika kwamba ni vita vya tajiri, mpiganaji maskini.

Watu waliokuwa utumwani walikuwa karibu milioni 4 katika sensa ya 1860. Nataka usimame hapo kidogo, kwa sababu pamba waliyochuma ilifika mpaka kwetu. Bibi yako mkubwa akilijua neno merikani, kitambaa kile cha pamba kisichotiwa rangi, lakini sidhani aliwahi kujiuliza jina limetoka wapi. Limetoka huko uliko. Pamba ililimwa Kusini na watumwa, ikasokotwa katika viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa bandari ya Salem, ikashuka hapa Unguja. Hapa ikafungwa mitumba, ikapandishwa vichwani mwa wapagazi mpaka Tabora na Ujiji, ikanunua pembe za ndovu, na ikanunua watu. Pamba iliyochumwa na mtumwa wa Mississippi ikamnunua mtoto wa Manyema. Vita vilipoanza na bandari za Kusini zikafungwa na manowari za Kaskazini, merikani ikaadimika madukani hapa, wafanyabiashara wakageukia vitambaa vya Uingereza na Bombay. Mimi nilisomesha vita vile miaka kumi kabla sijaligundua jambo hili, na liliponijia nilikosa usingizi.

Nisikuchoshe na mapigano yote. Risasi ya kwanza ilikuwa Fort Sumter, bandari ya Charleston, 12 Aprili 1861. Baada yake majimbo manne zaidi yakajitoa, likiwemo hilo lako la Virginia, na Richmond ikawa makao makuu ya Jefferson Davis, rais wa Shirikisho. Siku iliyomwaga damu kuliko siku zote ilikuwa 17 Septemba 1862 huko Antietam, watu kama 23,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea kati ya mapambazuko na magharibi. Gettysburg, Julai 1863, ndiyo inayotajwa zaidi, maana Jenerali Robert Lee wa Kusini aliingia Kaskazini na akarudishwa. Lakini mimi naamini pigo lililovunja mgongo lilikuwa Vicksburg, mji ulioanguka kesho yake baada ya mapigano hayo kwisha, tarehe 4 Julai, mbele ya Ulysses Grant, jenerali wa Kaskazini. Vicksburg ilishika mto Mississippi, na ilipoanguka Shirikisho likakatwa vipande viwili. Grant huyo huyo ndiye aliyekwenda kumkaba Lee Virginia mpaka Lee akasalimu amri Appomattox, 9 Aprili 1865. Waliokufa kwa jumla walikadiriwa kwa muda mrefu kuwa 620,000, na wataalamu wa karibuni wanasema huenda walifika 750,000. Maradhi yaliua wengi kuliko risasi.

Ninalotaka ulijue zaidi liko hapo hapo karibu na nyumba yako.

Usiku wa 23 Mei 1861, siku ile ile Virginia ilipopiga kura kuthibitisha kujitenga, watu watatu walipanda mashua wakavuka maji kwa makasia. Majina yao ni Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend. Walikuwa watumwa, na walikuwa wamepelekwa Sewell's Point kulijengea jeshi la Kusini ngome ya mizinga. Sewell's Point, mwanangu, ni pale penye kituo cha manowari unachokipita ukienda kazini. Walisikia kwamba watapelekwa mbali zaidi, Kusini, mbali na wake na watoto wao. Wakavuka mpaka Fort Monroe, iliyokuwa bado mikononi mwa Muungano, wakajisalimisha wasijue watapokewaje.

Kesho yake ofisa wa Kusini akaja na bendera nyeupe kuwadai, akitumia sheria ile ile ya watoro. Mkuu wa ngome, Benjamin Butler, alikuwa mwanasheria kabla ya kuwa jenerali. Akamjibu kwamba Virginia inasema si sehemu ya Marekani tena, basi haiwezi kudai kitu kwa sheria za Marekani. Watu hawa walikuwa wakitumika kulijengea jeshi la adui, kwa hiyo ni ngawira, na ngawira hairudishwi.

Neno hilo linaniuma, siwezi kukuficha. Kuitwa ngawira ni kuitwa mali bado. Lakini tazama kilichofuata. Habari ilienea usiku kwa usiku, wakaja wanane, wakaja familia nzima na vikongwe na watoto wachanga, mpaka wakawa maelfu. Hakuna aliyewatangazia uhuru. Lincoln mwezi ule alikuwa bado anasema vita ni vya kuuokoa Muungano tu, na hata Agosti 1862 aliandika barua kwamba kama angeweza kuuokoa Muungano bila kumwacha huru mtumwa yeyote angefanya hivyo. Watoro ndio waliolipeleka swali mbele yake, kila siku, kwa miguu yao, mpaka ikawa haiwezekani kupigana vita vile bila kulijibu. Tangazo lake la Ukombozi la 1 Januari 1863 liliwataja watumwa wa maeneo ya waasi tu, si wa majimbo yaliyobaki upande wake kama Kentucky na Maryland. Nampa Lincoln haki yake, alikuwa mtu aliyekubali kubadilika. Ila nawaweka wale watatu wa mashua mbele yake.

Yuko na Robert Smalls, na huyu sisi watu wa bahari tunamwelewa upesi. Alikuwa mtumwa wa miaka 23, mshika usukani wa meli ya Planter, bandari ya Charleston. Alfajiri ya 13 Mei 1862 maofisa weupe walikuwa wamelala nchi kavu. Smalls akavaa kofia ya nahodha, akang'oa nanga, akapitia kuchukua mkewe na watoto na jamaa za wenzake, akapita ngome moja baada ya nyingine akitoa ishara sahihi za kila ngome, hata Fort Sumter. Akiisha kuvuka mizinga, wakapandisha shuka jeupe na kuikabidhi meli kwa Muungano. Baadaye alikaa katika Bunge la Marekani, na nyumba ya bwana wake wa zamani kule Beaufort akainunua yeye.

Watu weusi wapatao 180,000 waliingia jeshini. Mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi. Mweusi aliandikiwa 10, zikakatwa 3 za nguo. Kikosi cha 54 cha Massachusetts, walimokuwa wana wawili wa Frederick Douglass, mtumwa mtoro aliyekuwa mpinga utumwa mashuhuri, kilikataa kupokea chochote mpaka walipwe sawa. Wakapigana bila mshahara. Julai 1863 walikimbilia kuta za Fort Wagner wakapoteza zaidi ya watu 250 kwa jioni moja, na walikuwa hawajapokea hata senti. Bunge lilisawazisha mshahara Juni 1864. Nikifika hapa darasani nilikuwa nanyamaza kidogo, na wanafunzi nao hunyamaza.

Sasa nikwambie la kwetu, ambalo mama yako hapendi nilitaje, lakini amenipa ruhusa. Mama wa bibi yetu aliletwa hapa mtoto, kutoka upande wa Ziwa Nyasa, soko la watumwa la Mkunazini likiwa limeshafungwa kwa mkataba wa 1873, maana magendo yaliendelea. Aliachwa huru baada ya amri ya 1897. Amri hiyo iliwapa fidia wenye watumwa. Yeye hakupewa kitu. Washington nako, Aprili 1862, Bunge lilipofuta utumwa katika mji mkuu, mabwana walilipwa mpaka dola 300 kwa kila mtu. Nyumbani tulifundishwa kusema asili yetu ni pwani, basi, na mtoto akiuliza zaidi hufukuzwa akacheze. Kwa hiyo mwenzako wa kazini usimchukie. Nadhani naye alikuwa na nyumba ambamo mtoto akiuliza hufukuzwa akacheze. Kule Richmond sanamu ya Lee ilisimamishwa 1890, na ilishushwa Septemba 2021. Watoto wangapi walikua wakipita chini yake.

Nina ombi. Fort Monroe iko ng'ambo ya maji tu, unavuka handaki la Hampton umefika. Rasi hiyo ndipo Agosti 1619 ilipotia nanga meli iliyowaleta Waafrika wa kwanza Virginia, watu ishirini na kitu waliokamatwa Angola. Miaka 242 baadaye mashua ya wale watatu ikafika hapo hapo. Mimi kwa umri huu sitaiona. Nenda wewe siku ya mapumziko, mchukue na mdogo wako. Ukifika ukingoni nipigie simu, hata kama huku ni usiku wa manane, uisogeze chini karibu na maji, nisikie yanavyopiga.

Mjomba wako,
Unguja