Risala ya Wazazi wa Watoto Walioondolewa Sehemu ya Pafu kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa viongozi wa chama na serikali, wataalamu wa afya, viongozi wa dini, wazazi wenzetu na watoto wetu wapendwa, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe kwa kuacha majukumu yako mazito ukaja kuketi nasi. Karibu sana.

Umoja wetu ulizaliwa wodini, kwa akina mama wachache waliokuwa wakingoja watoto watoke chumba cha upasuaji. Leo tuna katiba, tuna akaunti benki, tuna turubai na viti hivi mlivyokalia, na tuna mfuko wa nauli unaowafikisha watoto Muhimbili. Hayo ni mafanikio makubwa, na yote yametokana na michango yetu wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, watoto walio mbele yako hawana saratani. Wapo waliozaliwa na uvimbe ndani ya pafu. Wapo walioharibiwa na kifua kikuu au nimonia za kujirudia, mpaka njia za hewa zikatanuka na kujaa usaha. Dawa zikishindwa, daktari huiondoa sehemu iliyoharibika. Pafu la kulia lina sehemu 3 na la kushoto 2, na kwa kuwa mapafu ya mtoto bado yanakua, yaliyobaki hujitanua. Ndiyo maana umewaona wakicheza ngoma ya kukukaribisha. Madaktari wetu Mungu awabariki.

Lakini wapo waliopasuliwa kwa sababu ya punje ya karanga, na hapo ndipo tunapoumia.

Mtoto anakula huku anakimbia, anapaliwa, anakohoa, anatulia. Nyumbani tunasema imeshuka. Kumbe imeingia pafuni, mara nyingi la kulia, maana njia yake ni pana na imenyooka zaidi. Karanga haionekani kwenye eksirei. Basi mtoto anatibiwa pumu, anatibiwa nimonia, wengine wanaanzishiwa hata dozi ya TB. Huku ndani karanga inavimba, inaziba hewa, usaha unajikusanya nyuma yake. Miezi inapita. Anapofika kwa bingwa, sehemu ile ya pafu haifai tena, inakatwa.

Kinachoweza kuzuia hayo ni bronkoskopu ya watoto, lile bomba jembamba lenye taa. Mtoto analazwa kwa nusukaputi, linapitishwa mdomoni, karanga inaonekana na kuchomolewa kwa koleo. Kifua hakiguswi na kisu. Wala si jambo geni: Gustav Killian alitoa kipande cha mfupa kwa njia hiyo huko Ujerumani mwaka 1897. Hospitali yetu ya mkoa haina kifaa hicho cha saizi ya mtoto.

Mheshimiwa, ombi hili si jipya. Mgeni rasmi aliyekutangulia alisema limepokelewa. Aliyekuwa kabla yake alisema litaingia kwenye bajeti. Tuliwapigia makofi na kupiga nao picha, na tunaendelea kuwaheshimu. Barua zetu za kufuatilia hazijajibiwa, na watoto wameendelea kupaliwa.

Kwa unyenyekevu mkubwa, leo hatuombi jengo wala gari. Tunaomba bronkoskopu ya watoto pamoja na koleo zake na mirija ya saizi mbalimbali, kwani mtoto wa mwaka 1 na wa miaka 10 hawaingii mrija mmoja. Tunaomba pia daktari na mtaalamu wa usingizi wapelekwe mafunzo, maana bila wao kifaa kitakaa kabatini.

Tunakuomba sana, utakapopanda hapa kutujibu, ututajie kifaa kitanunuliwa kwa fungu lipi, lini, na tumfuatilie nani ofisini kwako. Katibu wetu ataandika majibu hayo kwenye muhtasari, na tutakuomba uusaini kabla ya chakula. Nakala za barua zetu za awali tumeziambatisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.