Ndege wa uani kwetu nao wafundishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu ndege wa uani na haya masomo ya watoto ya kwenye simu. Sasa hivi baridi ya Dodoma ndo inaishiaishia, upepo wa asubuhi bado upo, majani yamekauka kote na huko porini maji hakuna, kwa hiyo ukitega beseni la maji chini ya mwarobaini hapo uani utashangaa wanaokuja. Kwangu huku Ipagala wanatua vile vikasuku vya kijani, kichwa cheusi, shingoni njano, jicho limezungushiwa duara jeupe kama miwani, wanakunywa haraka haraka huku wanapiga kelele, halafu wote kwa mpigo wanarudi kwenye mbuyu maana wanazaliana kwenye mashimo ya miti. Asili yao ni Tanzania hii hii na mtu wa Ulaya anapanda ndege kuja kuwaona!

Sasa mwanangu yuko darasa la nne, bando likiwepo anaangalia video za mazingira, na karibu zote zinaonyesha ndege wa kwenye theluji. Sizikatai, ni nzuri. Kule Marekani tangu 1998 wana zoezi la kuhesabu ndege wa uani kila Februari, baridi yao ikielekea mwishoni, mtu anakaa angalau dakika 15, anaandika alichoona anatuma kwa intaneti, na toka 2013 hata sisi huku tunaruhusiwa kutuma. Ila Februari kwetu ni msimu wa mvua, mashamba yamejaa mtama, na mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya ndo wamejipanga kwenye nyaya zetu za umeme. Mwezi huu wa nane hawapo, wako kwao wanalea. Mtoto wa Dodoma hilo nani anamwambia?

Programu za simu za kutambua ndege zipo, Merlin ni ya bure, unaipakua mara moja na ndege wa eneo lako, baada ya hapo hata bila bando inakuuliza ndege ana ukubwa gani, rangi gani, alikuwa anafanya nini, inakuletea picha uchague. Tatizo mtoto anaishia kujua jina la Kiingereza wakati bibi yake anamjua ndege huyo huyo kwa Kigogo, na chozi, mnana, tetere, shore yote ni majina yetu ya Kiswahili yanayopotea tunaona.

Ombi langu Mhariri, tupeni kona ndogo tu kila wiki, picha moja ya ndege wa huku kati, jina la Kiswahili na la kienyeji, anakula nini, anaonekana miezi gani, na muiweke mtandaoni pia ili walimu waitume kwenye magrupu ya wazazi. Picha za kuanzia tutaleta sisi wasomaji, mimi wale vikasuku ninao kwenye simu tayari.

Msomaji wako,
Ipagala, Dodoma