Ruaha haukaushwi na jua peke yake

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili tangu enzi za kulinunua stendi ya Rujewa, na sijawahi kuwaandikia. Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu mto Ruaha Mkuu imenishinda kunyamazia. Mmesema mto unakauka kwa mabadiliko ya tabianchi, mkaweka picha ya viboko waliobanana kwenye tope, basi. Sisi tunaolima huku juu hatukutajwa hata kwa neno moja.

Mvua zimebadilika, hilo silikatai. Zamani Novemba tulikuwa tumeshasia mbegu kitaluni. Siku hizi Krismasi inakukuta unatazama mawingu yakipita. Lakini Ruaha ulianza kukatika kiangazi cha 1993, na kabla ya hapo kwa kawaida ulitiririka mwaka mzima. Waliochunguza bonde la Usangu, huku kwetu, walishaeleza: maji ya kiangazi yanachepushwa kwenye mabanio, yaani vizuizi vya kupeleka maji mashamba ya mpunga, hayafiki ardhioevu ya Ihefu, na Ihefu ikishashuka chini ya mwamba wa Ng'iriama, pale maji yanapotokea, hakuna kinachovuka kwenda Hifadhi ya Ruaha, wala bwawa la Mtera. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Sumaye, aliahidi akiwa London kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka tena mwaka mzima. Mhariri, mmewahi kuifuatilia ahadi hiyo?

Septemba iliyopita mfereji unaoleta maji kijijini kwetu ulikauka siku tisa. Maji hayo ndiyo tunayokunywa. Mkwe wangu alikuwa na mtoto wa wiki mbili, nguo za mtoto zinafuliwa kwa maji ya kununua, dumu kwa dumu. Siku ya kumi nikachukua fimbo, nikaufuata mfereji kwenda juu tangu alfajiri. Saa nne nikayakuta maji. Yamejaa tele, yanamwagwa kwenye majaruba ya mpunga yaliyovunwa tangu Juni, hakuna mche hata mmoja, mabua matupu yanaelea na yangeyange wanatembea humo. Nikamuuliza mlinzi maji haya ni ya nini. Akanijibu kwa upole kabisa, kama anayemfundisha mtoto: "Mzee, tukifunga, mwakani watasema hatuyahitaji, watampa mwingine." Kibali cha kutumia maji wanacho, nilionyeshwa nakala yake. Kimeandikwa kiasi cha maji, lakini pale banioni hakuna kipimo chochote cha kuonyesha wanachukua kiasi gani. Sheria ya maji ya 2009 inatanguliza maji ya watu majumbani, kisha ya mazingira. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya maji yanayonyweshwa mabua, na nyumbani kuna mtoto mchanga. Nililia, Mhariri, na mimi si mtu wa kulia.

Na huo utabiri wa msimu mnaotuchapishia kila mwaka, "mvua za wastani hadi chini ya wastani", mkulima aufanyie nini? Wastani upi? Tuambieni kwa maneno ya shambani: kitalu kisiwe kabla ya tarehe fulani, chagueni mbegu ya muda mfupi. Mwaka juzi nilichavanga, yaani kuvuruga tope la jaruba kabla ya kupanda, mara mbili kwa kuusoma vibaya, na vibarua wote niliwalipa mimi.

Ninachopendekeza ni hiki. Kuanzia 1 Julai hadi 31 Oktoba kila banio lifungwe, libaki bomba moja la inchi nne kwa ajili ya maji ya kunywa. Kwenye ukuta wa banio pachorwe mstari mwekundu wa rangi ya mafuta, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la pili ataona kama maji yamepita kibali. Kiasi kilichoruhusiwa kiandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, pamoja na jina la mwenye kibali. Na ninyi mtumeni mwandishi Septemba, aanzie mabanioni kabla ya kwenda kwa viboko. Nitamtembeza mwenyewe. Rangi pia nitanunua mimi, makopo mawili kwa kuanzia.

Mkulima wa mpunga,
Mbarali, Mbeya