Kabla Hujasema IST Inakula Mafuta, Niambie Themostati Yake Iko Wapi

Kuna mteja wetu wa Buhongwa ametuandika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wao. Kasema gereji yetu imemla shilingi 30,000 za kupima gari na Toyota IST yake bado inabugia mafuta vile vile. Ujumbe wenyewe nimetumiwa na watu wanaotufahamu wote wawili, kila mmoja na kicheko chake. Sitabishana naye huko. Nitaeleza hapa, kwa sababu malalamiko haya si yake peke yake. Yanakuja kila ikipita Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wakishatangaza bei za mafuta. Lita ikipanda, ghafla magari yote ya Mwanza yanaanza kula mafuta.

Tuanze na gari lake. Tulilipima likiwa baridi, tukaliendesha hadi Igoma na kurudi Nyakato, tukalipima tena likiwa la moto. Shida ni kwamba la moto halikuwa. Jua la saa saba mchana, foleni ya Buzuruga, na bado maji ya injini yalikuwa yanasoma nyuzi 61. IST nzima inatakiwa icheze kati ya 80 na 95. Tukafungua pale themostati inapokaa, tukakuta maji na silikoni nyekundu. Themostati yenyewe, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, hamna. Tukamwonyesha, tukampa bei, akasema anaenda kujipanga. Hadi leo anajipanga, ila kuandika ameandika. Sasa mafuta yatapunguaje wakati kilichofanyika ni kupima tu?

"Huku kwetu ni joto, hiyo kitu ni ya Wazungu, itoe." Nani hajaisikia? Mafundi wanaisema kwa kujiamini kabisa, na wateja wanaikubali kwa sababu dakika ile ile gari linaacha kuchemka. Lakini fuatilia ilivyoanza. Mtu anajaza rejeta maji ya bomba, au anapeleka gari kuoshwa ziwani na kijana anamwongezea ya ziwa humo humo, kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, anaiona ghali. Kutu inajaa ndani, rejeta inaziba taratibu, mfuniko wa rejeta nao umechoka haushiki presha. Na hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na presha yanachemka kabla hayajafika 100. Siku gari linapanda kilima cha Bugando limejaa watu, linatoa moshi. Fundi anatoa themostati, maji yanazunguka muda wote bila kizuizi, joto linashuka, fundi anaitwa bingwa. Rejeta iliyoziba imebaki pale pale.

Kinachofuata mwenye gari hakioni. Kontroli boksi inasoma sensa ya joto na kuamini injini bado haijaamka, kwa hiyo inaendelea kumwaga petroli ya ziada, ile ya kuwashia asubuhi. Ni sawa na kupika kwenye jiko la mkaa huku mtu anakumwagia maji kidogo kidogo pembeni: chakula kitaiva, lakini hesabu ya mkaa usiulize. Gia boksi ya otomatiki nayo inachelewa kuingia gia ya mwisho na kujifunga moja kwa moja na injini, maana nayo inangoja joto, hivyo injini inazunguka zaidi kwa mwendo ule ule. Petroli ambayo haijaungua inashuka kwenye oili. Chomoa stiki ya oili ya gari la namna hii uinuse, utanielewa.

Na usitegemee ile taa ya bluu. Gari nyingi ndogo za Toyota hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka. Ya bluu huzimika mapema, injini ikiwa bado haijafika joto la kazi. Gari la nyuzi 61 linakuonyesha dashibodi safi kabisa.

Tufanye hesabu ambayo mteja wetu hakutaka kuifanya. Gari lililokuwa linakwenda kilomita 13 kwa lita likishuka hadi 10, mtu wa kilomita 1,000 kwa mwezi anatoka lita 77 anafika 100. Lita 23 zimepotea. Ukihesabu lita kwa shilingi 3,000 tu, ni 69,000 kila mwezi. Themostati halisi pamoja na gasketi, kwetu, haifiki pesa hiyo. Kusafisha au kubadilisha rejeta ndiyo kazi kubwa, na hapo ndipo watu wananiambia nina bei ya Capri Point, mtaa wa matajiri. Sawa. Ila siwezi kurudisha themostati kwenye rejeta iliyoziba, gari likakuchemkia njiani Usagara halafu jina langu lirudi tena kwenye grupu.

Jambo la pili linalotugombanisha na wateja ni namba walizoahidiwa. "Niliambiwa IST ni kilomita 18 kwa lita." Uliambiwa na tangazo la muuzaji, na tangazo limeinakili kutoka kwenye vipimo vya Japani. IST ya kwanza ilitoka mwaka 2002, enzi za kipimo walichokiita 10-15. Gari lilikuwa linapandishwa kwenye rola ndani ya maabara, injini ikiwa tayari ya moto, mwendo wa juu kilomita 70 kwa saa, wastani kama 23, ac imezimwa. Hakuna Mabatini saa kumi na moja jioni kwenye kipimo hicho, hakuna abiria watano na gunia la mpunga kwenye buti. Baadaye Wajapani wenyewe walileta kipimo kikali zaidi, JC08, kinachohesabu na kuwasha gari likiwa baridi, na magari mengi namba zake zikashuka. Hapa Mwanza, kwa magari yanayopita mikononi mwetu, IST nzima inatoa 10 hadi 13 mjini, na 15 au zaidi kidogo barabara ndefu dereva akitulia. Noah ya cc 2000 mjini ikikupa 8 ishukuru. Mwenye Mark X anayetaka mafuta ya Passo, huyo sina dawa yake.

Na kuna gari ambalo halina ugonjwa wowote, matumizi ndiyo yako hivyo. Tulikuwa na mama mmoja nesi, anakaa Igogo, kazi yake Bugando. Amezunguka gereji kibao, kabadilishiwa plagi, nozeli, pampu. Tulipima kila kitu, gari zima. Nikamuuliza, "Mama, kwa siku gari linatembea wapi?" Kumbe ni nyumbani na kazini, kilomita chache na zote ni kupanda kilima, injini inazimwa ndiyo kwanza inaanza kupata joto. Nikamwambia atunze pesa yake. Tulimtoza ya kupima tu, na huyo hakulalamika. Mpaka leo analeta sevisi kwetu.

Wa kinyume chake alikuwa mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Noah yake inapeleka mzigo Shinyanga na alikuwa ameshasema anaiuza. Hatukugusa hata kompyuta. Nilishika rimu alipofika tu, ya nyuma kushoto ilikuwa inaunguza mkono. Breki imejamu, pedi inasugua safari nzima. Tairi zina upepo wa PSI 22 wakati kibandiko cha mlangoni kimeandika namba tofauti kabisa, na juu ya paa kuna keria tupu aliyoifunga siku nyingi akaisahau. Upepo unaopinga gari haupandi sawasawa na mwendo: ukitoka 80 ukafika 110 unakaribia kuwa mara mbili. Yeye alikuwa anaikimbiza 120 na keria juu. Tukasafisha kalipa ya breki, tukajaza upepo, tukashusha keria. Dereva ndiye aliyenuna, maana ile chenji aliyokuwa anaipata kwa kisingizio kwamba gari linakula mafuta ilikatika.

Sasa, wale wa "kuna kijana anapima kwa 5,000". Namfahamu, ana kamashine ka bluetooth na simu. Kanachosoma ni kodi za makosa, kisha anazifuta taa ya cheki injini izime, au anachomoa tu waya wa betri. Mteja anaondoka anafurahi. Kwa kufanya hivyo amefuta na kila kitu ambacho kontroli boksi ilikuwa imejifunza kuhusu mchanganyiko wa gari hilo, na mimi nikija kulipima kesho yake sioni chochote, inabidi gari liendeshwe kwanza. Ile 30,000 yetu ni kukaa na gari. Tunaangalia joto linavyopanda, tunaangalia sensa ya oksijeni, ambayo ikiwa nzima voltiji yake haitulii, inapanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9, na tunaangalia kompyuta inaongeza au inapunguza petroli kwa asilimia ngapi. Sensa ya oksijeni ikifa, mafuta yanaweza kupanda hadi asilimia 40 huku gari linatembea vizuri tu. Anayekwambia ameipima kwa kuisikiliza mlio, mwache aendelee kusikiliza.

Kuhusu hiyo sensa kuna jambo lingine. Watu wanakwenda kuuza masega ya eksozi, kile kichujio cha moshi chenye madini ya thamani ndani, wanapata pesa ya haraka, na wakati wa kukata na kuchomelea sensa inavunjwa au waya wake unaachwa unaning'inia. Wanakuja kwetu miezi miwili baadaye. Pesa ya masega imeshaliwa, na sensa halisi ni ghali kweli, sibishi.

Oili pia. IST imetengenezwa kwa 5W-30, lakini mtu anataka 40 au 20W-50 "kwa sababu ni nzito, inalinda". Inalinda nini? Injini inasukuma uji asubuhi nzima, na vivitii-ai (VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa vali kufunguka) inayotegemea presha ya oili inachelewa kuitikia. Tofauti kwenye mafuta ni ndogo, asilimia moja au mbili, ila ipo, na unailipia kila siku. Ea klina chafu, kinyume na mnavyoambiwa, kwenye injini za injeksheni haiongezi sana mafuta, inapunguza nguvu. Nauza ea klina na ningependa uninunulie, lakini usiinunue kwa ahadi hiyo.

Vijana wa rimu kubwa niwaambie haraka: ukivalisha tairi lenye kimo kikubwa kuliko la kiwandani, odomita inahesabu kilomita pungufu. Utaona gari linakula zaidi ya linavyokula kweli. Juu ya hapo tairi pana ni zito kuzungusha.

Kwa hiyo kabla hujanipigia, pima mwenyewe, na si kwa mtindo wa "nimeweka ya 20,000 haikufika jioni". Mshale wa mafuta ni muongo, hasa gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko, na mji wetu ni miteremko mitupu. Jaza tenki mpaka pampu ijikate mara ya kwanza, usiongeze hata tone. Andika kilomita. Endesha kama kawaida yako mpaka tenki lifike nusu, rudi sheli ile ile, pampu ile ile, jaza ijikate tena. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Fanya hivyo zaidi ya mara moja. Na usiache tenki likae na taa imewaka wiki nzima, pampu ya mafuta inapozwa na petroli yenyewe.

Ukija, njoo asubuhi gari likiwa limelala baridi, au uliache jioni tulilaze sisi. Wateja wa Sengerema na Geita, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hamna foleni ya kivuko ya kusingizia, ila mkifika limeshapata moto, pangeni kuliacha. Leta namba zako za lita na kilomita, leta na jina la fundi aliyegusa mfumo wa maji mara ya mwisho. Taa ya cheki injini kama inawaka, iache iwake.